Mgeni, Mwenyeji na Jembe: Uhakiki wa Lugha ya Ukaribishaji katika Milima ya Masisi

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ni miongoni mwa methali zilizofafanuliwa mno na kuchunguzwa kidogo. Katika madarasa ya fasihi simulizi, mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu pasipo kusita kwamba inakemea uvivu. Jibu hilo lina nasaba ya heshima. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliitumia methali hii katika maandishi yake juu ya Ujamaa ili kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Akaongeza kwamba yamkini mgeni mwenyewe angeliomba jembe kabla ya kupewa. Tafsiri hiyo ilikidhi haja ya wakati wake. Hata hivyo imekiacha kando kitenzi chenyewe. Methali haisemi mgeni afukuzwe, wala haisemi adaiwe, inasema apewe. Anayepewa jembe hana budi kuwa na mahali pa kulimia, na mahali hapo si pake bali ni pa yule anayempa. Jembe, kwa hiyo, ni ruhusa kabla ya kuwa amri. Siku ya tatu, mtu aliyekuwa akilitazama shamba kutoka barazani huingizwa shambani, na tangu hapo jina la mgeni halimkai sawasawa. Ajabu ni kwamba methali haimpi jina jingine.

Pengo hilo la jina lina uzito zaidi ya ule wa zoezi la darasani, kwa kuwa kuna mipango mizima ya kimataifa iliyojengwa juu yake. Wazo la kumtoa kijana kwao na kumlaza katika nyumba ya watu asiowajua ili ajifunze lugha na desturi zao lina historia inayofahamika. Mmarekani Donald Watt alianza mwaka 1932 kwa kuwakusanya vijana wa mataifa mbalimbali kambini huko Uswisi. Kambi haikumridhisha, na baadaye akawagawanya vijana katika nyumba za watu. Tangu hapo nyumba, wala si kambi, ndiyo ikawa shule. James Robinson alianzisha mpango wa namna hiyo kwa ajili ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko Kanada, mwaka 1971, Jacques Hébert aliasisi Jeunesse Canada Monde, mpango ambao ulikuwa na jambo moja la kusifiwa kuliko mengine: safari ilikuwa ya pande mbili, kijana wa Kanada na mwenzake wa nchi nyingine, Tanzania ikiwamo, wakiishi pamoja kwanza huku kisha kule. Zaire nayo iliwapokea vijana wa Kimarekani wa Peace Corps tangu 1970 hadi Septemba 1991, walipoondolewa kwa haraka baada ya wanajeshi kupora miji.

Mipango hii ilipohitaji kusema Kiswahili ilitengeneza msamiati wake, na msamiati huo ndio unaostahili kuhakikiwa. Nyumba inayompokea kijana imeitwa "familia mwenyeji". Mama wa nyumba hiyo "mama mwenyeji". Kijana mwenyewe "mgeni". Msomaji wa haraka hataona kosa. Lakini hii ni tafsiri sisisi, na kama ilivyo ada ya tafsiri za namna hiyo, imebeba neno na kuacha maana njiani. Kifaransa kinachotumika ofisini na mashuleni Kongo kinasema famille d'accueil, yaani kinaitaja nyumba kwa tendo lake la kupokea. Kiswahili kilichochaguliwa kinaitaja kwa miliki yake. Mwenyeji, kwa asili ya neno, ni mwenye mji. Kumwita mama "mwenyeji" ni kutaja haki yake juu ya mahali, si wema wake kwa mtu.

Pwani jambo hili halidhuru sana. Katika Kiswahili cha Unguja au Mombasa uenyeji ni kitu kinachopatikana kwa kukaa: mtu husema "nimekuwa mwenyeji hapa" akiwa na maana kwamba amezijua njia, amewajua watu, hapotei tena. Neno lina mlango. Tatizo huanza neno hilohilo linapopandishwa milimani, mahali ambapo mlango wake ulifungwa na historia.

Mushaki ni kituo kilichoko kwenye barabara ipandayo kutoka Sake kuelekea Masisi, takriban kilometa 40 kutoka mji wa Goma. Msafiri akishauacha nyuma uwanda wa mawe ya volkano huingia katika milima ya malisho, ng'ombe, viazi na maharagwe; jibini ya milima hiyo inajulikana hadi Kinshasa. Kwa vijana wa Goma, kupanda huko kwa shangazi, kwa mjomba, au kwa rafiki wa baba wakati wa likizo si jambo geni. Ikiwa kuna mahali ambapo kijana wa mjini angeliweza kukabidhiwa jembe siku ya tatu, basi ni hapo. Lakini ni hapohapo pia ambapo maneno mgeni na mwenyeji yamegharimu maisha ya watu.

Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ya Kibelgiji iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwapanga Masisi, katika ardhi iliyokuwa chini ya machifu wa Wahunde. Sheria ya 1972 iliwatambua kuwa raia waliokwisha kufika Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Sheria ya 1981 ikayatangua hayo. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na mauaji yakaenea hadi Masisi. Katika mabishano ya miaka hiyo, maneno ya Kifaransa ya kisiasa, autochtone na wenzake, yaliposhuka kutoka ofisini hadi sokoni yalivaa mavazi ya Kiswahili yaliyokuwa tayari yametundikwa: mwenyeji na mgeni, au kama yasemwavyo huko, mugeni, na kwa wingi bageni. Mtu aliyezaliwa katika milima hiyo, na ambaye baba yake alizaliwa humo, aliweza kuitwa mgeni. Na jembe alilolishika kwa nusu karne halikutosha kumwondolea jina hilo. Kwa upande wa pili, Muhunde aliyeona ardhi ya mababu zake ikigeuzwa malisho ya matajiri wenye hati zilizotolewa mbali na kijiji chake aliushikilia uenyeji kwa sababu hakubakiwa na kingine cha kushika. Si kazi ya uhakiki wa lugha kuamua kesi ya ardhi. Ni kazi yake kusema kwamba neno likishatumika mahakamani na vitani haliwezi kurudishwa mezani likiwa safi, na kwamba mratibu anayefika Mushaki na orodha ya "familia wenyeji" amekwisha, bila kujua, kutoa hukumu juu ya nani ni wa hapo na nani si wa hapo.

Fasihi ya eneo hili ilikwisha kulifikiri jambo hili kabla ya mipango yoyote kufika, na ilifikiri vizuri zaidi. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Walikale, mtambaji Candi Rureke alitamba utenzi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Mara nyingi wasomi huujadili kwa kutazama sifa za shujaa: mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, aliyekimbilia kwa shangazi yake Iyangura, na kadhalika. Kidogo sana kimesemwa juu ya utenzi huu kama utenzi wa ugeni. Ilhali ukisomwa kwa jicho hilo, takriban kila tukio lake kuu ni la mtu kufika katika nyumba isiyo yake na kulazimika kujua namna ya kuketi.

Tukio lililo tajiri kuliko yote ni lile la ulimwengu wa chini ya ardhi. Mwindo anamfuata baba yake aliyetoroka na anafika katika milki ya Muisa. Kabla ya kumwona mwenye mji anakutana na binti yake, Kahindo, mgonjwa wa buba. Ni Kahindo anayemfunza: baba yangu akikupa kiti, usikikalie; akikupa pombe, usinywe; akikusalimu, itika hivi. Kwa maneno mengine, ukarimu wa Muisa ni mtego kuanzia kigoda hadi kibuyu, na mgeni asiyeijua lugha ya nyumba angeliangamia kwa kukubali tu anachopewa. Mwindo naye anavihudumia vidonda vya binti huyo. Kisha, kama kwamba mtambaji alikuwa akiijua methali ya pwani na kuifanyia mzaha, Muisa anampa mgeni wake kazi ya shamba: afyeke na kupanda migomba, na kazi hiyo aimalize kwa muda usiomtosha binadamu. Jembe hapa limetolewa, lakini limetolewa ili mgeni ashindwe.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba utenzi unatenganisha watu wawili ambao neno "familia mwenyeji" linawafunga katika mtumba mmoja. Muisa ndiye mwenye mji. Kahindo ndiye aliyempokea mgeni. Miliki iko kwa mmoja na mapokezi kwa mwingine, na yule mwingine ni kijana, ni mgonjwa, na hana mamlaka yoyote katika nyumba hiyo. Yeyote aliyewahi kuishi ugenini atalitambua jambo hili mara moja: baba wa nyumba hutoa hotuba, lakini ni mtoto wake wa miaka kumi na mitano anayemnong'onezea mgeni kwamba hapa hatusemi hivyo. La pili ni kwamba urafiki wa Mwindo na Kahindo hauanzi kwa zawadi wala kwa karamu. Unaanza kwa siri upande mmoja na kwa uuguzi upande mwingine. Kila mmoja ameona udhaifu wa mwenziwe. Hakuna kijitabu cha maelekezo kwa wasafiri kinachothubutu kusema hivyo.

Utenzi unaendelea hadi mahali pagumu zaidi. Baadaye Mwindo analiua zimwi Kirimu, na Nkuba, yaani Radi, aliyekuwa rafiki wa Mwindo na aliyekuwa amemsaidia, anamchukua juu angani kumwadhibu, kwa kuwa Kirimu alikuwa ndugu yake wa kuchanjiana damu. Mwindo hakujua. Kutojua hakumsaidii. Anakaa angani akiteseka kwa baridi, kwa mvua na kwa jua, na anarudi akiwa mfalme mwenye adabu nyingine. Urafiki katika utenzi huu si hisia tu. Una sheria, na sheria yake humvuka rafiki na kuwafikia rafiki za rafiki. Anayekula katika nyumba moja ya Masisi ameingia, apende asipende, katika hesabu za nyumba zote zilizofungamana nayo, na pia za zile zilizokosana nayo.

Namna kitabu chenyewe kilivyopatikana inastahili neno moja. Bila ya Rureke kukubali kutamba, na bila ya vijana wa Kinyanga walioandika na kufasiri, mgeni Mbelgiji angelirudi kwao na daftari tupu. Jambo zuri ni kwamba jina la mtoto wa nyumba limo juu ya jalada pamoja na la mgeni, na jina la mtambaji limo ndani pamoja na habari zake. Kwa kipindi hicho hilo halikuwa jambo la kawaida.

Lilinganishwe na kitabu cha Mike Tidwell, The Ponds of Kalambayi, kilichotoka mwaka 1990. Kwa kuwa milima ya Masisi haijapata kitabu cha namna hiyo, inabidi kutazama Kasai. Tidwell, kijana wa Peace Corps, alifika Kalambayi katikati ya miaka ya 1980 kuwafundisha wanakijiji kufuga samaki katika mabwawa. Kilele cha kitabu ni siku ya mavuno ya kwanza, pale mkulima aliyechimba bwawa kwa miezi anapoanza kuwagawia samaki jamaa na majirani walioko ukingoni, na kijana anapandwa na hasira kwa kuona faida ikitoweka. Baadaye anatambua kwamba kugawa huko si ujinga, bali ndiko kunakokifanya kijiji kiwe kijiji. Ni ukurasa wa kweli, na mwandishi hajifichi makosa yake. Thamani yake ni kwamba jembe limegeuzwa: mgeni alidhani ndiye aliyelileta, kumbe alikuwa akipewa. Kasoro ya kitabu haiko katika moyo wa mwandishi. Iko katika umbo. Wenyeji wake wanasema, wanacheka, wanagawa samaki, lakini hawaandiki. Mgeni aliporudi kwao alikuwa na kitabu. Waliompokea walikuwa na bwawa na kumbukumbu. Urafiki uliodumu ungelidai kitabu cha pili, kile ambacho mkulima angelieleza jinsi ilivyo kumlisha kijana mwenye hasira. Kitabu hicho hakipo, kwa Kasai wala kwa Kivu, na fasihi ya mabadilishano ya vijana itabaki na mguu mmoja hadi kitakapoandikwa.

Kwa nini basi urafiki mwingine hudumu? Jibu la kiisimu, ambalo si jibu lote, liko katika majina ya ukoo. Katika Kiswahili cha Goma na Masisi kijana hamwiti mwanamke aliyempokea kwa jina lake. Humwita mama, na watoto wake kaka na dada. Wageni wengi hulichukulia hilo kama adabu ya mazungumzo. Kwa anayeitwa, ni ahadi. Anayeniita mama atafika matangani. Harusi ya dada yake haitampita. Mdogo wake akikosa karo ya shule atapata habari. Urafiki unaodumu ni ule ambao mgeni aliielewa ahadi hii kabla ya kuondoka, au aliielewa baadaye na kuona haya. "Mama mwenyeji" huvunja ahadi hiyo kwa kivumishi: huyu ni mama, lakini wa aina fulani, wa muda fulani. Hakuna mtoto anayemwita mama yake hivyo. Kivu kina njia yake ya kutofautisha akina mama pasipo kumpunguza yeyote, nayo ni kutaja mahali: mama wa Goma, mama wa Mushaki. Mahali huongeza, hakuondoi.

Na mahali pana mikasa yake. Mushaki ulipiganiwa Desemba 2007 kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa CNDP. Februari 2023 ulichukuliwa na M23. Kila mara watu waliteremka kuelekea Sake na Goma, wengine wakaishia katika kambi zilizouzunguka mji huo, ambazo nazo zilivunjwa mwezi Februari 2025, wengine katika nyumba za watu. Nyumba hizo, kwa Kifaransa cha mashirika ya misaada, ziliitwa kwa jina lilelile: familles d'accueil. Hapo ndipo msamiati wa "mwenyeji" unapokosa kabisa pa kusimama. Mama aliyewahi kumpokea kijana wa mjini juu mlimani amekuja na godoro kichwani kumtafuta kijana huyo mjini. Nani mwenyeji? Yeye aliye na deni la maharagwe ya likizo tatu, au yeye aliyeyapika? Wanaoulizwa swali hilo mlangoni hawalijibu kwa nomino. Husema tu: "Karibu, mama," na wanasogeza vitanda.

Kwa wanaoandaa istilahi, pendekezo ni la kawaida. Nomino mwenyeji iachwe kwa wanasheria na wanahistoria, na nyumba hizi zitajwe kwa kitenzi: jamaa waliompokea, nyumba iliyompokea. Kitenzi kina faida ambayo nomino haina, yaani kinakubali viambishi. Kutokana na pokea hupatikana pokelewa, na hivyo anayepokelewa hana haja ya kuitwa mgeni milele. Hupatikana pia pokezana, ambayo kamusi huifafanua kwa kazi ya watu walio safarini na mzigo mmoja, kila mmoja akimtua mwenziwe kwa zamu. Na ndivyo wanavyofanya hasa wanawake wanaobeba viazi kuteremka kutoka Mushaki hadi soko la Sake.